Mahindi ya Mama Yake Mkurugenzi

Ukitaka kujua watu wa Roret wameichoka chai kiasi gani, nenda ukae kwenye benchi la Wilkista mbele ya posho mill, kinu cha kusagia mahindi. Asubuhi yote wamechuma majani, wamebeba mizigo mpaka kituo cha kununulia, wamekosana na karani wa mizani, halafu wakifika benchi wanaagiza kahawa. Wilkista, aliyekuja huku kutoka Siaya na mumewe enzi za kazi ya esteti na hajawahi kurudi, hauzi kitu kingine. Siku hiyo ya Machi mawingu yalikuwa yameinamia mashamba tangu alfajiri, kila mtu anaongea juu ya kupanda, isipokuwa Weldon. Weldon wanamwita Mkurugenzi kwa sababu aliwahi kugombea ukurugenzi wa kiwanda akapata kura yake na ya mkewe, na ya mkewe bado ina utata. Mkurugenzi akinyamaza, jua kuna neno.

Neno lenyewe lilikuwa githeri. Mama yake alikuwa amelazwa hospitali ya Longisa kupasuliwa macho, na Weldon, mtoto mzuri, akaona amshangaze kwa jikoni mpya ya mabati na jiko la gesi. Mafundi walipobomoa jikoni kuukuu wakakuta mahindi yamening'inizwa darini juu ya mafiga, meusi kwa moshi. Wakayapukuchua, wakayapika na maharagwe. Weldon akala, akasifu, akaongeza. Sahani ilipokwisha ndipo akakumbuka alichokuwa akila: mbegu ya mama, yale mahindi ya rangi, punje nyekundu na nyeupe na zambarau, aliyoolewa nayo. Mwaka ule ugonjwa ulipokausha mahindi ya Bomet yote na kuvuka mpaka huku, hayo ndiyo yaliyosimama. Na mama anarudi leo, na macho mapya.

Tumaini lilikuwa moja. Mama hakuwahi kuuza mbegu. Jirani akija, anapewa kiganja. Akivuna, anarudisha kiganja na kidogo juu yake. Wote waliokaa pale benchini nyumba zao ziliwahi kupokea. Kazi ya Weldon ilikuwa kuomba bila kuonekana anaomba.

— Nauliza tu, akasema. Tuseme mtu, si mimi, anataka mbegu ya kienyeji kutoka kwa jirani. Hiyo si makosa?

Omollo, fundi wa mitambo kiwandani, akaweka kikombe chini. Yeye ni Wakili, tangu alipoitwa kortini kuwa shahidi wa ng'ombe aliyeibwa.

— Ilikuwa makosa. Ukiuza ama ubadilishane mbegu haijapitishwa na serikali, unaenda ndani. Lakini wakulima walienda korti, na jaji akasema mkulima awachwe apeane mbegu yake vile babu yake alikuwa anapeana.

— Kwa hivyo ni ruhusa?

— Nimesema jaji amesema. Sijasema ni ruhusa. Kunaweza kuwa na rufaa.

— Umesikia kuna rufaa?

— Sijasikia. Lakini mtu akishindwa huwa hanyamazi hivyo tu.

— Kama wewe na ile kesi ya ng'ombe, akasema Wilkista. Mpaka leo unaieleza.

Kiplangat akacheka mpaka pikipiki aliyoikalia ikayumba. Yeye ni bodaboda na jina lake ni Setilaiti, maana kila jambo kwake linaonekana kutoka juu.

— Wazee mmelala. Hiyo mbegu ya paketi, mnajua kwa nini ni ya pinki?

— Ni dawa ya wadudu, akasema Wilkista.

— Hiyo ndio wanakuambia! Ile rangi inashikwa na mitambo huko juu. Ukipanda tu, kuna mtu ameketi ng'ambo anaona shamba yako yote. Hata ukichoma moja ya kukula, anajua.

— Basi aniambie nani huniibia mahindi mabichi huko nyuma ya choo. Nampikia kahawa ya bure.

— Mnacheka, akasema Wakili, lakini kijana amegusa kitu. Hiyo ya paketi, jaribu kupanda punje zake mwaka wa pili. Inatoa kitu kama kidole cha mtoto. Kwa nini? Kila punje iko na mkataba ndani. Ukivuna, mkataba umeisha.

— Mkataba umewekwa wapi, Wakili? akauliza Wilkista. Kwa punje?

— Ndani kabisa. Kwa kile kijicho.

— Manze, si ndio maana wanatafuta ya kienyeji! Setilaiti akaruka chini. Haina mkataba! Wanaipeleka mahali kuna barafu, wanafungia. Siku moja mtasikia hata majani chai iko na mwenyewe. Unachuma, simu inalia, umekatwa pesa.

— Hiyo ya kukatwa tayari tuko nayo, akasema Mkurugenzi, na benchi lote likacheka.

Wilkista alikuwa akimtazama.

— Mkurugenzi, huyo mtu si wewe, ako na mama?

— Kila mtu ako na mama.

— Mama yake ametoka hospitali?

Weldon akainua kikombe. Akanywa kahawa ambayo haikuwepo kikombeni.

— Mimi nilitaka tu kujua kama watu bado wako nayo, ile yetu ya rangi.

— Itaenda wapi? akasema Wakili. Hiyo mahindi ilishinda ugonjwa.

— Iko, akasema Setilaiti. Kitu kama hiyo haiwezi potea.

— Iko tu, akasema Wilkista.

Moyo wa Weldon ukashuka mahali pake. Angengoja wengine waondoke amwombe Wilkista, ambaye angemcheka mpaka Pasaka lakini angempa. Hapo ndipo gari, Probox, likasimama mbele ya benchi. Chelangat, dada yake, akashuka, akamshika mkono mama yao aliyevaa miwani myeusi.

— Chamgei! mama akawasalimu.

— Chamgei mising, Kogo! wakaitikia wote, wakasimama. Kogo, yaani bibi, ndivyo kila mtu humwita.

— Weldon, kumbe uko na mvi! Miaka yote naona kichwa tu.

— Karibu kahawa, Kogo, akasema Wilkista. Hapa tunabishana juu ya mbegu.

— Kahawa baadaye, mvua imefika. Naskia mmebomoa jikoni yangu.

Weldon aliona heri amalize.

— Mama, ile mahindi ya darini... mafundi walipika.

— Iliiva?

— Iliiva.

— Basi mko na meno mazuri. Ile ilikuwa imekufa kitambo. Tangu macho iharibike sikupanda, na mahindi ikikaa hivyo haioti. Nilijaribu kwa mkebe, hakuna hata moja ilitoka. Niliacha hapo tu, dari isikae uchi.

Jamani, Weldon alitaka kulia kwa raha. Akaketi, akaagiza kahawa ya benchi lote.

— Mbegu mimi siweki kwa nyumba, akaendelea mama. Naweka kwenu. Ndio nimesimamisha gari hapa kabla nifike nyumbani. Omollo nilikupea. Wilkista nilikupea. Kiplangat, nilipea mama yako ukiwa mgongoni. Sasa nirudishieni kidogo nipande. Iko kwa nani?

Wakili akamtazama Setilaiti.

— Kogo, mimi ile plot niliweka majani chai yote. Lakini najua kina Kiplangat wako nayo.

— Kwetu? Kwetu mama hununua ya paketi. Sisi tulijua iko kwa Wilkista.

— Yangu watoto walimaliza ikiwa mabichi, akasema Wilkista polepole. Ilikuwa tamu. Nikasema kwako haiwezi kosa, Kogo, nitakuja kuomba.

Mama akamgeukia mwanawe. Shamba la Weldon lilikuwa majani chai mpaka mlangoni, na mahindi akitaka alipanda ya paketi, maana ya mama ilikuwapo darini siku zote. Mafundi hawakuwa wamemkosea kitu. Aibu ikamshika, ile ya kweli.

Mama akavua miwani, akawatazama mmoja mmoja bila haraka, kama mtu aliyengoja sana kuwaona.

— Hata kiganja kimoja?

Matone ya kwanza yakaanza kugonga mabati ya posho mill.

— Sasa mlikuwa mnabishana juu ya nini?

Wilkista akaanza kukusanya vikombe, na vingine bado vilikuwa na kahawa.