Likizo ya Mama Mvuke

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chumba cha kufulia cha hoteli yetu, Mama Mvuke anastaafu tarehe 30 Juni. Jina hilo alilipata kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka. Ukiingia asubuhi humwoni, unaona wingu jeupe tu. Kisha wingu linakusalimu na kukuuliza watoto wameamkaje.

Alianza kwa kukunja foronya, akapanda hadi kuwa msimamizi wa zamu. Miaka ile ya mwanzo hakujua kukataa. Likizo moja alimwahidi baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, kwamba wangekwenda kutazama ziwa. Hoteli ikafurika wageni, meneja akamwita, naye akaja. Safari ikasogezwa hadi mwaka uliofuata. Ulipofika, mzee alikuwa haoni tena.

Walikwenda hivyohivyo. Walipanga chumba kando ya maji, na kila asubuhi binti alikaa kizingitini akimsimulia baba anachokiona: ukungu ukinyanyuka taratibu, ndege weupe wametulia kama taulo zilizosahaulika kambani. Mzee alisikiliza huku akitabasamu, uso ameuelekeza majini.

Katikati ya juma dereva wa hoteli akafika na ujumbe kwamba anatakiwa kazini siku hiyohiyo. Mama Mvuke alimkaribisha chai, kisha akamjibu kwa upole: "Kamwambie meneja namheshimu sana. Lakini niko likizo, na siku hizi ni za baba. Nitarudi Jumatatu."

Dereva anakiri kwamba alinogewa na habari za ukungu hata akasahau kuwa ana haraka. Alirudi peke yake.

Jumatatu sote tuliinamia pasi zetu, roho mkononi. Aliitwa kweli ofisini. Meneja husimulia mwenyewe kwamba alikuwa ameandaa maneno makali, lakini alipomwona akamuuliza tu mzee anaendeleaje.

Tangu hapo aliye likizo hasumbuliwi. Mimi mwenyewe nimewahi kulala mchana wiki nzima bila kushtuka, na namshukuru yeye. Mzee alitutoka miaka kadhaa baadaye, akiwa amerudishwa ziwani kila mwaka.

Mama, asante kwa kutulea kazini. Tunakuombea afya, utulivu, na asubuhi ndefu zisizo na kengele.