Mama Mnyororo Atundika Joho

Basi ndiyo hivyo, anaondoka kweli. Sisi tuliokuwa tukijipa moyo kwamba ataongezewa muda, tukubali tu yaishe. Ijumaa, tarehe nane mwezi huu, Mheshimiwa Jaji wetu anatundika joho baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, kumi ya mwisho akisikiliza rufaa za mauaji.

Jina la Mama Mnyororo alipewa na makarani, naye akalipenda. Kesi ikiwa haina aliyeshuhudia mauaji, alitufundisha, vipande vidogo vya ushahidi huungwa kama pete za mnyororo mpaka vimfikie mtu mmoja tu. Pete moja ikiachia, mnyororo wote chini. Kazi yake ilikuwa kuvuta kila pete, na alivuta kwa udadisi wa mtoto aliyepewa saa ya babu yake.

Rufaa nisiyoisahau ni ya mwenye kibanda cha kuchaji simu, aliyehukumiwa kunyongwa kwa kumuua fundi baiskeli. Walionekana pamoja jioni ile. Usiku akakimbia. Simu ya marehemu ikakutwa kibandani kwake. Mimi niliyechapa mwenendo wa kesi nilishamnyonga moyoni. Mke wa mwenye kibanda alikaa benchi la nyuma, anakunja leso, anaikunjua.

Mama akamuuliza wakili wa serikali simu ilikuwa wapi hasa. Ndani ya boksi, Mheshimiwa, pamoja na nyingine.

“Na hizo nyingine zilikuwa za marehemu gani?”

Watu walimwachia simu azichaji, jamani! Pete nyingine zikafuata. Kibanda na karakana ya fundi vilitazamana, kwa hiyo wawili hao walionekana pamoja kila jioni. Na alikimbia kwa sababu kundi la watu lilikuwa mlangoni na mawe. Shahidi wa serikali mwenyewe alisema hivyo. Majaji wote watatu wakamwachia huru. Ile leso mkewe aliiangusha na hakuirudia.

Lakini koridoni mama wa marehemu aliuliza, “Sasa mwanangu kauawa na nani?” Siku hiyo chai ya Mheshimiwa ilipoa mezani. Nilipoingia kuchukua kikombe, akaniambia, “Sijui, mwanangu. Ila kutojua kwangu hakuwezi kuwa kamba ya shingo ya mtu.” Mpaka leo tukitaja kesi ile yeye huanza kuuliza upya.

Asidhani mtu kuwa alikuwa laini. Yupo aliyewapeleka polisi mpaka alipofukiwa mshirika wake wa biashara, kisha akadai ameoteshwa mahali hapo usingizini. Mama alivuta pete zote, zote zikashika. Rufaa ikatupwa.

Nasi tuliwahi kushtakiwa mbele yake, mimi na mkalimani wetu, ambaye sasa ni mume wangu (niacheni nilirudie, mume wangu!). Dereva wetu wa ofisi alisimama chumba cha chai akatoa ushahidi: “Wanafika pamoja, wanaondoka pamoja, na mwamvuli ni mmoja!”

“Mvua ilinyesha?” Mama akauliza.

“Ilinyesha, Mama, lakini…”

“Basi walikuwa wanakwepa mvua. Shaka yako nzito, ila haijawa ushahidi. Waachie wanywe chai.”

Wiki tatu zilizopita alikaa meza ya mbele kwenye harusi yetu. Alipopewa nafasi ya kusema, alimtazama dereva na kutangaza kwamba sasa imethibitika bila kuacha shaka yoyote. Dereva alishangilia kuliko wazazi wangu.

Mama, asante kwa kutufundisha kuuliza swali moja zaidi kabla ya kumhukumu mtu. Pumzika vizuri, ucheke sana, na afya isikupungukie. Kabla mwezi huu haujaisha mimi na mume wangu tutabisha hodi kwako. Tutakuja chini ya mwamvuli mmoja, hata jua likiwaka. Hapo utaamua mwenyewe tunakwepa nini.