Mbwa wa Kulinda Nyumba

Kwenye kiti cha mbele yangu ndani ya basi alikaa fundi viatu, amempakata mbwa aliyefungwa plasta mguuni. Mama wa kando yake akauliza amepatwa na nini.

"Aligongwa na pikipiki akifukuza mwizi, mama. Daktari wa mifugo alitaka pesa ya upasuaji papo hapo, nikauza televisheni, makochi na kitanda."

"Nyumbani kumebaki nini?"

"Mimi na yeye."

"Sasa atakuwa analinda nini, baba?"

Mbwa alimtazama mama kama aliyeguswa na swali hilo. "Mke wangu naye aliuliza hivyo hivyo," fundi akasema, "kabla hajarudi kwao."

Basi likasimama, fundi akashuka na mbwa wake. Mama naye akashuka, kituo si chake, maana alikuwa hajajibiwa.