Jinsi ya Kumkubalia Bosi

Nawasilisha haya kwa masikitiko. Kwenye mwendokasi kutoka Msimbazi, siti ya mbele yangu, Mama Josepha alikuwa akimsimulia baba asiyemjua kuhusu usaili wake wa kazi ya stoo bandarini. Bosi mgeni alimuuliza kwa Kiingereza, “Huna tatizo na kazi ya Jumapili?” Akajibu “yes”, akimaanisha ndiyo, sina. Bosi akaelewa kwamba analo. Leo ameitwa aulizwe tena, mara ya mwisho.

“Safari hii jibu ‘no’,” alisema yule baba. “Wenzetu ndivyo wanavyokubali.”

“Nimwambie bosi ‘no’ usoni? Natafuta kazi au ugomvi?”

“Basi ‘sure’.”

“Hiyo si ya wahuni? Afadhali ‘of course’.”

“Ukisema hiyo, umekiri tatizo unalo, mama!”

Mama Josepha akageuka, akaiona sare yangu ya shule ya bweni. “Mwanangu, nyie ndio wasomi. Lipi la heshima?”

Kwa uzito wa askofu, nikamwambia aseme “over my dead body”. Sikumwambia kwamba maana yake ni “labda mnizike kwanza”. Nilidhani watacheka. Yeye akanishukuru, akaanza kuikariri kwa kunong'ona, macho amefumba kama anayesali. Yule baba akamsaidia matamshi.

Masikio yakaniwaka kwa aibu. Basi liliposimama Gerezani, nikainuka niungame. Kilichonitoka ni “Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema, akashuka.