Virginia Jebet, Sauti ya Filamu za Kituruki

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni tumkumbuke dada yetu Virginia Jebet. Jebet wa Kapsabet. Alifua mashuka ya hoteli hapa Doha tangu mwaka 2006, hadi maradhi ya figo yalipomchukua mwaka 2014. Lakini waliomjua hasa, walimjua siku ya Ijumaa.

Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, sebule moja ya mtaa wa Fereej Bin Mahmoud ilifurika. Wakristo, Waislamu, madereva, walinzi, mayaya. Filamu ya Kituruki ikianza, Jebet anaisimulia kwa Kiswahili. Na Kituruki hakujua hata neno! Sulaiti Makokha, mlinzi kutoka Mumias aliyesoma madrasa, alisoma maandishi ya Kiarabu chini ya picha, akamnong'oneza. Jebet akayatia uhai. Ajabu ya Mungu! Ungeapa wale Waturuki wamezaliwa Kapsabet.

Basi siku moja ikaja filamu ya zamani. Shehe tapeli anauza hirizi na kuwapora wajane. Filamu za zamani za huko ziliwapenda sana mashehe wa namna hiyo. Watu wakacheka. Jebet akanogewa, akaongeza ya kwake: "Hawa maimamu wote ni hivyo tu! Ndevu mbele, mkono mfukoni mwako!"

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Sulaiti akainuka, akavaa viatu, akaenda zake. Waislamu wengine wakamfuata.

Ijumaa iliyofuata sebule ilikuwa nusu. Kaka yake Jebet, Kiprop, anakumbuka simu aliyopigiwa: "Alikuwa analia. Akaniambia, 'Kiprop, nimetawanya watu wangu.'"

Jebet akafunga safari hadi mtaa wa Al Mansoura, kwa Sulaiti, akaomba msamaha. Sulaiti akamjibu: "Yule mwizi ni mwizi, sina shida na yeye. Lakini baba yangu ni imamu, Jebet. Ulimweka kwa hiyo filamu, na hakuwa ndani."

Sulaiti alirudi, na wenzake wakarudi. Safari hii alileta filamu mpya zaidi. Imamu kijana, kijiji cha theluji, moyo umejaa shaka. Anatawadha kwa maji ya baridi, anasujudu peke yake. Jebet, aliyezoea kusimulia hata kikohozi, akanyamaza.

Augustine, dereva, akauliza: "Sasa mbona umezima?"

"Hapa haongei na sisi," Jebet akanong'ona.

Wasikilizaji, mwili unasisimka! Mkristo yule, mbele ya sijda ile.

Siku ya mazishi Kapsabet, Sulaiti alifika, akasimama nje ya ua, hajui kama pale ni pake. Mama yake Jebet akamfuata, akamshika mkono, akamketisha katikati ya wanawe. "Huyu," akawaambia waombolezaji, "ndiye alikuwa anamsomea mtoto wangu."

Pole, Mama. Pole, Kiprop. Pole, Sulaiti, nawe ni mfiwa. Na wewe unayesikiliza, kama kuna baba wa mtu uliyewahi kumcheka bila kumjua, leo ni Ijumaa. Nenda ukabishe hodi.