Mjumbe wa Trekta

Kwenye behewa la daraja la tatu, treni ikielekea Kilosa, kijana aliyejitambulisha kwa jina la Donati alimwamkia mama aliyekaa mbele yake. Alipoitikiwa marahaba, akaona amepata msikilizaji. Kijiji chao cha ujamaa kule Masanze kilimtuma Dar es Salaam kwenye maonyesho, akalikague trekta wanalotaka kununua.

"Jumamosi nimeshinda kwenye magari, mama. Kuna moja jekundu, halina paa! Jumapili nikala chipsi na soda mpaka basi, halafu sinema, tena mbili." Shati lake lilikuwa bado linanuka mafuta ya chipsi, ushahidi pekee aliorudi nao.

"Na trekta?" mama akauliza.

"Lilikuwa upande wa pili, juani."

"Juani! Na wenzako wamekuwa wakivuna pamba wapi, kivulini?" Mama alimtazama kama mtu aliyekuta wadudu kwenye unga. "Wametuma macho, limekwenda tumbo."

Donati alicheka peke yake. Treni ikapunguza mwendo, ngoma zikasikika: wanakijiji walikuwa wamejaa stesheni kumpokea mjumbe wao, mwenyekiti mbele. Kicheko kikamkauka.

Treni iliposimama, alimwinamia yule mama.

"Shikamoo tena, mama," akanong'ona. "Hivi trekta huwa na rangi gani?"