Bati la Biskuti la Mirena Uranie

Wasikilizaji wapendwa, karatasi iliyo mbele yangu imeandikwa "alikuwa". Nimelikata hilo neno mara mbili nikaandika "ni". Fundi mitambo ananiangalia tu kupitia kioo. Basi acha niseme kama ilivyo, ili na mimi nisikie. Mirena Uranie amefariki. Amefariki Jumanne, saa nne asubuhi, kwenye kisiwa cha Ilo Bastyen. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Najua wengi mmeisikia sokoni mkadhani ni uzushi. Hata mimi. Aliyenipigia simu nilimwambia, "Bwana, utani mwingine haufai." Na mimi ni mtu wa utani, mnanijua. Nikakata simu. Akapiga tena, na safari hii alikuwa analia.

Kwa asiyemjua, Mirena ndiye yule mwanamke wa ndege. Miaka kumi na tisa ameishi Ilo Bastyen akiwalinda pi santez, ndege wetu mweusi mwenye doa jeupe begani. Yule anayekufuata miguuni kama kuku, anasubiri ufukue majani apate mdudu. Hana woga kabisa. Ndiyo maana panya na paka walimmaliza karibu kila mahali. Mirena alipofika Ilo Bastyen walikuwa saba. Saba tu, wasikilizaji wapendwa. Wiki iliyopita walikuwa sitini na mmoja.

Kila ndege ana pete za rangi miguuni, na Mirena aliwajua wote kwa rangi zao. Alikuwa anawasengenya kama majirani. "Buluu-Kijani mvivu, mke ndiye anayelisha." "Njano-Njano ameachwa, lakini msimseme, bado ana uchungu."

Nilifanya kazi kwake miezi mitano, mwaka ule nilioacha chuo. Kitu cha kwanza unachokutana nacho pale kisiwani ni chumba cha ukaguzi. Kipo ufukweni, kidogo, cha saruji, hakina tundu hata la kupitisha sindano. Unaingia na mizigo yako yote, mlango unafungwa, unamwaga kila kitu kwenye meza nyeupe. Unageuza mifuko ya suruali. Unapiga viatu brashi. Panya mmoja mwenye mimba akipita, ndege wamekwisha. Mbegu, mdudu, vilevile. Hapiti mtu bila kukaguliwa. Padri alifunguliwa sanduku la misa. Waziri aliwahi kusimama pale na soksi tu.

Mimi, kwa akili zangu, nikaficha panya wa plastiki kwenye gunia la mchele. Mirena alipomwona hakupiga kelele. Alifunga mlango, akatumwagisha mizigo yote upya, wote sita, saa nne nzima, punje kwa punje. Kisha akamwosha yule panya kwa sabuni, akamweka kwenye rafu, akambandika karatasi yenye jina langu. "Huyu hajapita," akasema. "Na wewe nakufikiria."

Sasa niwaambie alivyokufa. Hapa ndipo mimi bado nimekwama.

Ili usome pete za ndege lazima ukae. Unafukua majani kidogo, unaegemea mti, unasubiri ndege aje mwenyewe. Haongei mtu. Hakohoi mtu. Mirena aliweza kukaa saa mbili bila kupepesa, na ukimwita katikati ya kazi, ujue mpaka jioni huongeleshwi. Jumanne alikaa chini ya mti wa takamaka, mahali pake pa siku zote. Hatua ishirini nyuma yake alikaa Rezi Barbe, nahodha wa boti na mlinzi wa kisiwa, ambaye sote tunamwita Tonton, yaani mjomba. Amefanya naye kazi miaka yote hiyo kumi na tisa.

Tonton ameniambia hivi, na nimemwomba ruhusa ya kuyarudia. "Nilimwona ameegemea mti, darubini iko kifuani. Nikanyamaza. Akaja Nyeupe-Nyekundu, yule jike tuliyekuwa tunamtafuta tangu Ijumaa. Akamrukia gotini, akatulia. Nikajiambia, leo mama huyu ana bahati. Nikazidi kunyamaza. Saa nzima na dakika arobaini nimenyamaza. Chafya ikanijia, nikaziba pua." Hapo akajishika pua kunionyesha. "Nimeziba pua, kijana wangu, ili nisimsumbue mtu aliyekwisha kufa."

Daktari amesema ni moyo, na kwamba ulisimama ghafla. Hata Tonton angepiga mbinja, hata angepiga ngoma, isingesaidia. Daktari amemwambia hivyo mara tatu. Tonton anaitikia kwa kichwa, halafu anauliza tena.

Mirena aliacha barua kwenye droo. Mistari miwili. Nikifa nizikwe Ilo Bastyen, nyuma ya kibanda changu. Lakini mwenye kuamua ni mama yake, Madanm Flavi Uranie, wa hapa hapa kisiwani kwetu Praslin. Na Madanm Flavi alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga kile kisiwa mpaka kufa. Sababu ya kiapo hicho wengi mnaijua. Wengine mlikuwepo.

Ilikuwa Krismasi ya mwaka wa kwanza wa Mirena kule. Madanm Flavi alipanda boti na keki yake ya viazi vitamu, ndani ya bati la biskuti, chini ametandika jani la mgomba kama anavyofanya siku zote. Mirena akampokea majini, kabla hata mama hajashuka. Akalichukua lile bati, akalifungua, akaiangalia keki, na mbele ya watu wote akaimwaga baharini. Hakusema neno. Mama mtu akarudi na boti ileile.

Miaka kumi na tisa, wasikilizaji wapendwa. Na katika miaka hiyo, kila Mirena alipopata likizo alikwenda kwa mama yake, akakaa mezani, akala keki ileile mpaka vipande vya mwisho, akavifuata kwa kidole kwenye sahani. Mama akawa anawaambia majirani, "Hapa anakula. Kule ananidhalilisha." Hawakuwahi kulizungumza. Wala mmoja.

Basi Jumatano, Tonton alipokwenda na ile barua ya mistari miwili, Madanm Flavi aliisoma, akaikunja, akamrudishia. "Kile kisiwa kimenichukulia mtoto akiwa hai," alisema. "Akiwa mfu atakaa na mimi."

"Ndilo ombi lake, Madanm Flavi."

"Na mimi ombi langu lilikuwa aonje keki. Nenda nyumbani, Rezi."

Tonton hakwenda nyumbani. Alirudi kisiwani kukusanya vitu vya marehemu, na kwenye kasha la madaftari ya kazi akakuta daftari la mwaka ule wa kwanza. Mirena aliandika kila kitu, hata mvua. Tonton akakaa kitandani kwake, akasoma. Asubuhi ya Alhamisi akavuka tena, safari hii na daftari, akalifungua mezani kwa Madanm Flavi.

Nami ninalo hapa. Ni mama mwenyewe aliyenipa. Aliniambia, "Lisome redioni. Watu waliiona aibu yangu, wasikie na hili." Nasoma, ni miezi mitatu kabla ya Krismasi ile.

"Jumapili. Sisimizi wameingia kiota namba tatu. Makinda mawili yameliwa yakiwa hai, wameanzia machoni. Ndiyo makinda pekee ya mwaka huu. Nimefuata mstari wa sisimizi kutoka kiotani. Umeishia kwenye hema langu, chini ya kitanda, kwenye bati la mama. Wametaga ndani ya jani la mgomba. Nililipitisha chumba cha ukaguzi bila kulifungua, kwa sababu ni bati la mama. Kosa ni langu peke yangu. Mama asijue kamwe. Akijua hataoka tena."

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa chini. Mnaelewa? Walikuwa ndege saba kisiwani pale, na makinda mawili, na yule mwanamke mkali kuliko wote tuliowahi kuwaona ndiye aliyepitisha sisimizi. Kwa upendo. Alitumia miezi mitatu kuwatafuta na kuwaua, Tonton anakumbuka, alikuwa anatambaa na tochi na maji ya moto, hasemi kwa nini. Halafu ikaja Krismasi, na bati jingine kama lile, na jani kama lile. Angesema nini pale majini, mbele ya watu?

Tonton anasema Madanm Flavi alisoma kwa kidole, polepole, mara mbili. Kisha akasema, "Kwa hiyo ilikuwa keki yangu."

"Ameandika ni kosa lake, Madanm Flavi. Ona hapo."

"Nimeona. Nimemnunia mtoto miaka kumi na tisa, na yeye anakula keki asinikatishe tamaa." Akafunga daftari. "Boti yako inabeba watu wangapi?"

Tumemzika jana Jumamosi. Tulivuka wanane na jeneza. Madanm Flavi alikaa mbele, bati la biskuti mapajani. Alikuwa ameoka. Shada lake kubwa la maua, alilotengeneza na dada zake, aliliacha kwenye boti bila kuambiwa. Maua yana wadudu.

Tukaingia chumba cha ukaguzi. Mlango ukafungwa. Panya wangu wa plastiki bado yuko kwenye rafu, na jina langu. Sikujua niangalie wapi. Madanm Flavi ana miaka sabini na moja, na ndiyo mara yake ya kwanza humo. Akamwaga mkoba wake wote kwenye meza nyeupe. Rozari, miwani, kitambaa, peremende. Akageuza mifuko ya gauni. Akafungua bati. Hakuna jani, karatasi tupu. Na ile keki akaivunja mwenyewe kwa mikono, vipande vidogo vidogo, akavitandaza tuone ndani.

Likabaki jeneza. Tonton akasogea kufungua mlango wa pili, wa kutokea kisiwani. Alitaka lipite. Nani angemlaumu? Ni Mirena.

"Unakwenda wapi, Rezi?" mama akauliza.

"Tumpeleke, Madanm Flavi."

"Hajakaguliwa."

Tonton akauachia mlango.

"Fungua," akasema. "Hata yeye. Wa kwanza yeye."

Tukafungua. Mama akapitisha vidole kwenye kitambaa cheupe kilichozungushiwa ndani, pindo kwa pindo, kuanzia kichwani, kama mtu anayemtandikia mtoto. Alipofika miguuni akasimama. Akalowesha kidole gumba ulimini. Akabonyeza. Akasogeza, akabonyeza tena. Akatuonyesha.

Sisimizi wawili.

Kuna kitabu mle chumbani, kila kinachoingia kinaandikwa. Tonton alishindwa kushika kalamu, kwa hiyo Madanm Flavi akaandika mwenyewe. Nimekiona kwa macho yangu. "Mirena Uranie. Sisimizi wawili, wameuawa. Anaruhusiwa kuingia. Aliyekagua: mama yake."

Tulipochimba, pi santez wakaja, kama kawaida yao. Walikuja kwa ajili ya minyoo, tusidanganyane. Nyeupe-Nyekundu alikuwepo. Alisimama juu ya koleo la Tonton, akatuangalia mmoja mmoja.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Madanm Flavi Uranie, kwa dada zake, kwa Tonton Rezi Barbe, na kwa wote waliofanya kazi Ilo Bastyen. Pole na kwetu sote. Mimi bado sijaamini. Asubuhi nilishika simu nimpigie nimwulize jina la ule mti wake wa siku zote, kwa ajili ya kipindi hiki hiki.

Na wewe unayenisikiliza, labda kuna mtu aliwahi kukumwagia keki yako baharini, na hukuuliza kwa nini. Labda ana jibu ameliandika mahali, analificha kwa sababu anakupenda. Nenda ukamwulize. Nenda leo, akiwa bado anaweza kukujibu kwa mdomo wake.

Sasa nitamkumbuka Mirena kwa dakika moja, pamoja nanyi, bila muziki. Lakini Tonton Rezi ameniomba niseme kitu kimoja kabla. Kama kuna mtu amekaa karibu nawe, mguse kwanza. Na chafya ikikujia, usizibe pua. Piga.